Ubanaji wa sauti: Njia za kurusha matangazo ya redio kupitia laini za simu za dijitali

MATANGAZO ya redio yanayorushwa moja kwa moja kutoka nje ya studio, yawe ya mechi ya kandanda, ibada au kikao cha bunge, hayana nafasi ya kurudiwa. Sauti ikikatika wakati bao linafungwa, msikilizaji amelikosa bao hilo daima. Ndiposa miongoni mwa maamuzi mazito ya fundi wa redio ni hili: sauti ya mtangazaji aliye uwanjani itafika studioni kwa njia gani, na itafika ikiwa katika hali gani?

Kwa takriban miongo mitatu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, jibu la vituo vingi vya Ulaya, Amerika Kaskazini na Japani lilikuwa laini ya simu ya dijitali ijulikanayo kama ISDN. Laini hiyo ilikuwa safi na ya kutegemewa, lakini ilikuwa nyembamba mno kwa sauti kamili ya redio. Sauti ililazimika kubanwa kabla ya kuingizwa humo, kisha kukunjuliwa upande wa pili. Mtambo unaofanya kazi hizo mbili huitwa kodeki.

Njia za kubana sauti ni nyingi, na kila moja hutoa kitu fulani na kudai kingine. Ipo inayohifadhi ubora lakini huichelewesha sauti. Ipo ya haraka ambayo hukata masafa ya juu. Ipo pia iliyo bora kabisa ambayo haina faida yoyote ikiwa studio haina mtambo wa kuielewa. Intaneti imechukua nafasi ya ISDN katika nchi nyingi, lakini mambo hayo matatu, yaani ubora, kasi na maelewano ya mitambo, bado ndiyo yanayoamua njia ya kutumiwa.

Laini na uwezo wake

Simu ya kawaida hupitisha sauti zilizo kati ya hezi 300 na hezi 3,400 pekee. Hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde. Kiwango hicho hutosha kwa mazungumzo ya nyumbani, lakini hakitoshi kwa redio. Sauti za 's' na 'f' hutofautishwa zaidi na mitetemo iliyo juu ya kiwango hicho, hivyo msikilizaji anaweza kushindwa kujua kama mwanahabari amesema "saini" au "faini". Katika taarifa ya mahakamani, tofauti hiyo si ndogo.

Kabla ya ISDN, kituo kilichotaka sauti bora kililazimika kukodi laini maalumu kutoka kwa kampuni ya simu. Laini hiyo iliagizwa mapema, ilikuwa ya gharama kubwa na iliunganisha sehemu mbili tu. Viwango vya ISDN, vilivyoidhinishwa na kamati ya kimataifa ya simu CCITT mnamo 1984 na kupanuliwa mnamo 1988, viliwezesha laini ya dijitali kupigwa kama simu nyingine yoyote. Mtangazaji alipiga nambari ya studio, studio ikajibu, na malipo yakahesabiwa kwa muda uliotumika.

Laini ndogo ya ISDN ina chaneli tatu. Mbili kati ya hizo, ziitwazo B, hubeba sauti au data, kila moja ikiwa na uwezo wa kilobiti 64 kwa sekunde. Ya tatu, iitwayo D, ina kilobiti 16 na kazi yake ni kubeba maagizo ya kupiga na kukata simu. Ipo pia laini kubwa yenye chaneli 30 za B kwa mfumo wa Ulaya, au 23 kwa mfumo wa Amerika Kaskazini. Katika baadhi ya maeneo ya Marekani, mitambo ya zamani ya simu ilichukua sehemu ya kila chaneli kwa maagizo yake na kumwachia mtumiaji kilobiti 56.

Uzuri mkuu wa ISDN haukuwa ukubwa wake bali uthabiti wake. Simu ikishaunganishwa, kilobiti 64 hizo zilikuwa za mpigaji peke yake hadi akate. Hakuna mtumiaji mwingine aliyeweza kuzigusa.

Kwa nini sauti ibanwe

Hesabu yenyewe ni rahisi. Redio ya FM hupitisha masafa hadi hezi 15,000. Ili kuyahifadhi kidijitali, sauti hupimwa mara 32,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Zidisha, na utapata kilobiti 512 kwa sekunde kwa sauti ya upande mmoja, bila stirio. Hizo ni mara nane ya uwezo wa chaneli moja ya B. Sauti ya stirio ya CD, inayopimwa mara 44,100 kwa sekunde, hudai kilobiti 1,411, ambazo ni mara 11 ya chaneli zote mbili zikiunganishwa.

Kodeki hutumia mojawapo ya mbinu mbili kuu. Ya kwanza ni kubashiri. Sauti haibadiliki kiholela. Kipimo kinachofuata hukaribiana na vilivyotangulia. Kodeki hukisia kipimo hicho, kisha hutuma tofauti tu kati ya makisio na ukweli. Tofauti hiyo ni ndogo, hivyo huandikwa kwa biti chache.

Mbinu ya pili huegemea udhaifu wa sikio la binadamu. Sauti kubwa huzifunika ndogo zilizo karibu nayo kwa masafa au kwa wakati, jinsi ambavyo ngoma hufunika mnong'ono. Kodeki huigawanya sauti katika bendi nyingi, hupima ni nini sikio halitasikia, na hupunguza biti hapo. Mbinu hii hubana zaidi, lakini ni lazima ikusanye sauti ya muda fulani kabla ya kuichambua. Hapo ndipo ucheleweshaji huanzia.

G.711: simu jinsi ilivyo

Kiwango cha chini kabisa ni G.711, ambacho ndicho msingi wa simu za dijitali duniani. Sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde kwa biti nane, na hivyo kujaza kilobiti 64 kamili. Ulaya na Afrika hutumia aina iitwayo A, ilhali Amerika Kaskazini na Japani hutumia ile ya Mu. Ubora wake hauzidi ule wa simu ya kawaida. Faida yake kwa mtangazaji ni moja: kodeki ikikosa mwenzake studioni, bado inaweza kuipigia simu yoyote ya mezani na matangazo yakaendelea.

G.722: mzee asiyestaafu

Kiwango cha G.722, kilichoidhinishwa mwaka wa 1988, hutumia mbinu ya kubashiri na kupitisha masafa hadi hezi 7,000, yaani maradufu ya simu, ndani ya kilobiti zile zile 64. Sauti hugawanywa katika bendi mbili. Ya chini, iliyo na sehemu kubwa ya usemi, hupewa kilobiti 48, nayo ya juu hupewa 16.

Ucheleweshaji wake ni wa milisekunde chache tu, milisekunde moja ikiwa ni sehemu ya elfu moja ya sekunde. Kwa mahojiano ya moja kwa moja hilo ni jambo kubwa. Aidha, karibu kila kodeki ya ISDN iliyotengenezwa iliielewa G.722, hivyo ikawa lugha ya pamoja ya mafundi wasiofahamiana.

Kasoro yake ni kwamba muziki husikika umefifia. Hata hivyo, uzito wa kasoro hiyo hutegemea mahali ambapo sauti inaelekea. Barani Afrika na Ulaya, vituo vya masafa ya kati yaani AM hutengwa kwa hezi 9,000, na sauti inayomfikia msikilizaji kwa kawaida huwa chini ya hezi 5,000. Kwa kituo kama hicho, G.722 tayari hutoa zaidi ya kile ambacho mtambo wa kurushia unaweza kupitisha.

apt-X: kasi kwa gharama ya biti

Mfumo wa apt-X ulitokana na utafiti wa Stephen Smyth katika Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, katika miaka ya 1980. Huigawanya sauti katika bendi nne na kubashiri ndani ya kila bendi. Hubana kwa kiwango kisichobadilika cha nne kwa moja. Kwa hivyo kilobiti 512 za sauti ya FM hubanwa kuwa 128, yaani chaneli mbili za B kwa sauti ya upande mmoja. Stirio huhitaji chaneli nne.

Faida zake ni mbili. Ucheleweshaji ni mdogo sana, na sauti huweza kubanwa na kukunjuliwa mara kadhaa bila kuharibika haraka. Hasara yake ni bili ya simu, kwani kila chaneli ililipiwa kama simu kamili. Jina hilo linajulikana leo kwa watumiaji wa visikizi visivyo na waya, baada ya teknolojia hiyo kununuliwa na CSR mnamo 2010 na kisha kuingia mikononi mwa Qualcomm mnamo 2015.

MPEG Tabaka la Pili na la Tatu

Mnamo 1992 shirika la viwango la ISO lilikamilisha kiwango cha MPEG-1, chenye matabaka matatu ya kubana sauti. Yote hutumia udhaifu wa sikio, lakini kila tabaka ni tata kuliko lililotangulia.

Tabaka la Pili, au MP2, lilitokana na mfumo wa MUSICAM uliotayarishwa na CCETT ya Ufaransa, IRT ya Ujerumani na kampuni ya Philips. Huigawanya sauti katika bendi 32. Likipewa kilobiti 128 kwa sauti ya upande mmoja, tofauti na sauti asilia ni vigumu kusikika. Likipewa 64 pekee, hulazimika kuacha masafa ya juu. Mashirika ya utangazaji ya Ulaya yalilipenda kwa sababu hustahimili kubanwa mara kwa mara, na ndilo lililochaguliwa kwa redio ya dijitali ya DAB.

Tabaka la Tatu ndilo ambalo dunia inalijua kama MP3. Lilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Karlheinz Brandenburg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Erlangen na taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani. Katika kulirekebisha, Brandenburg alitumia wimbo "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, ambao ni sauti ya mwanamke bila ala yoyote. Sababu yake inawahusu watangazaji moja kwa moja: sauti ya mtu mmoja isiyo na muziki wa kuifunikia kasoro huufichua upungufu wote wa kodeki. Mfumo unaoweza kubeba bendi nzima unaweza kushindwa na msomaji wa taarifa.

Kabla ya MP3 kuenea kwa vijana kama njia ya kuhifadhi nyimbo, tayari ilikuwa kazini redioni. Mnamo 1993 kampuni ya Telos ya Cleveland, Marekani, iliyoanzishwa na Steve Church, ilitoa mtambo wa Zephyr ulioitumia kwenye ISDN. Chaneli moja ya B ilitosha kupitisha sauti hadi hezi 15,000, na chaneli mbili zikapitisha stirio. Kwa nusu ya gharama ya simu, kituo kilipata ubora wa FM.

Bei ya ubora huo ni muda. Kinadharia, ucheleweshaji mdogo kabisa wa Tabaka la Pili ni milisekunde 35, na wa Tabaka la Tatu ni 59. Katika mitambo halisi idadi hizo huongezeka mara mbili au zaidi. Tabaka la Tatu pia huharibika upesi likibanwa juu ya sauti iliyobanwa tayari.

AAC na ndugu zake

Mnamo 1997 kulitolewa AAC, mrithi wa MP3 anayetoa ubora ule ule kwa biti chache zaidi. Kwa mahojiano, hata hivyo, haikumaliza tatizo la kuchelewa. Aina ya AAC-LD iliyofuata ilibuniwa mahususi kwa mazungumzo, ikipunguza ucheleweshaji wa hesabu zake hadi takriban milisekunde 20. Iliziba pengo lililokuwapo kati ya G.722, iliyo ya haraka lakini finyu, na MP3, iliyo pana lakini ya polepole.

Kuchelewa kunavyoharibu mazungumzo

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hupendekeza kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kuelekea upande mmoja ikiwa watu wanazungumza. Kuchelewa kukizidi, wasemaji huanza kugongana. Mtangazaji wa studioni huuliza swali, husikia kimya, hudhani hajasikika na huuliza tena, huku jibu la swali la kwanza likimfikia.

Tatizo baya zaidi ni mtangazaji wa nje kuisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia kwenye visikizi. Akiisikia imechelewa hata kidogo, ulimi humsaliti na hotuba hukatika. Dawa yake si kubadili kodeki pekee. Studio humtumia sauti zote za kipindi isipokuwa yake mwenyewe. Jambo hili hupuuzwa mara nyingi kwa sababu fundi aliye studioni hasikii kasoro yoyote. Anayeteseka ni yule aliye uwanjani.

Kwa mahubiri, hotuba au ufafanuzi wa mechi usiohitaji majibizano, kuchelewa hakudhuru. Hapo fundi huwa huru kuchagua ubora.

Kubanwa juu ya kubanwa

Sauti haibanwi mara moja tu katika safari yake. Hubanwa uwanjani, huhifadhiwa kwenye kompyuta ya studio ikiwa imebanwa tena, hubanwa ikielekea kwenye mnara wa kurushia, na hubanwa mara nyingine ikipelekwa kwa wasikilizaji wa intaneti. Kila kodeki hutupa kile inachodhani hakitasikika, lakini haijui kilichotupwa na iliyotangulia. Kasoro hujumlishwa. Makofi ya umati hugeuka mchakacho kama wa maji, na kabla ya mpigo wa ngoma husikika kivuli cha mpigo huo.

Kanuni ya mafundi ni kutumia biti nyingi iwezekanavyo katika hatua ya kwanza, kwa kuwa hakuna hatua ya baadaye inayoweza kurejesha kilichopotea hapo.

Mitambo kuelewana

Simu za ISDN zilizoshindikana hazikushindwa na laini kila mara. Nyingi zilishindwa na mipangilio. Pande zote mbili zilihitaji kukubaliana kuhusu mfumo wa kubana, idadi ya vipimo kwa sekunde, kiasi cha biti, na kama sauti ni ya upande mmoja au stirio. Hata mitambo miwili ya Tabaka la Tatu kutoka kwa watengenezaji tofauti haikuelewana daima.

Kuunganisha chaneli mbili kulikuwa na mtego wake pia. Kila chaneli ilikuwa simu tofauti, na mtandao uliweza kuzipitisha katika njia tofauti, moja ikifika mapema kuliko nyingine. Kodeki ililazimika kuishika ile ya mapema hadi ya pili ifike, kisha kuzipanga upya. ITU ilitoa kiwango cha J.52 ili kazi hiyo ifanywe kwa namna moja.

Kutokana na hayo, vituo makini vilifanya jaribio mapema, vikaandika nambari za chaneli zote mbili, na kukubaliana kwamba mambo yakiharibika pande zote zirejee kwa G.722. Sauti iliyofifia ni bora kuliko kimya.

Kutoka ISDN hadi intaneti

Enzi ya ISDN imekuwa ikifikia tamati. Kampuni ya NTT ya Japani ilifunga huduma yake ya data ya ISDN mnamo Januari 2024. Nchini Uingereza, BT iliweka Januari 2027 kuwa kikomo cha mtandao wake wa zamani wa simu. Mahali pa laini hizo pamechukuliwa na intaneti, ambayo hubeba sauti ikiwa imekatwa vipande vidogo.

Intaneti ina nafasi kubwa zaidi, lakini haina ahadi ya ISDN. Vipande vinaweza kupotea au kufika vikiwa vimepishana. Kodeki hulazimika kusubiri kidogo ili kuvipanga, na kusubiri huko huongeza kuchelewa. Mitambo mingine hutuma sauti ile ile kupitia mitandao miwili kwa wakati mmoja, ili kipande kikipotea katika mmoja kipatikane katika mwingine.

Kwa Afrika Mashariki, badiliko kubwa lilifika mwaka wa 2009 wakati nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo, mawasiliano ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti kwa kiasi kikubwa. Setilaiti ya aina hiyo huwa kilomita 36,000 juu ya ikweta, na safari ya sauti kwenda na kushuka huchukua takriban robo sekunde. Hakuna kodeki inayoweza kupunguza muda huo. Nyaya za baharini ziliuondoa, na mahojiano kati ya Nairobi na London yakawezekana bila wasemaji kugongana.

Upande wa kodeki, mfumo wa Opus, ulioidhinishwa na jopo la viwango vya intaneti IETF mnamo Septemba 2012, umesogeza pamoja mambo yaliyokuwa yakipingana. Hufanya kazi kuanzia kilobiti 6 hadi 510 kwa sekunde, ucheleweshaji wake wa kawaida ni milisekunde 26.5, na hautozwi ada ya matumizi. Umo ndani ya vivinjari vya intaneti, hivyo mwanahabari mwenye simu ya mkononi anaweza kuingia hewani bila mtambo maalumu. MP3 nayo ilikuwa huru kutozwa ada mwaka wa 2017, muda wa hataza zake ulipokwisha.

Uchaguzi kwa kila kazi

Kwa mahojiano ya papo kwa papo, fundi hutanguliza kasi: G.722, apt-X, AAC-LD au Opus. Kwa muziki wa moja kwa moja, hutanguliza ubora: Tabaka la Pili lenye biti nyingi, au apt-X ikiwa laini ni pana. Kwa hotuba ndefu kwenye laini finyu, AAC na Tabaka la Tatu hufaa, mradi sauti haitabanwa tena mara nyingi mbele ya safari. Kwa studio ngeni ambayo mitambo yake haijulikani, G.722 bado ni chaguo salama. Muungano wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, uliiweka pamoja na G.711 na Tabaka la Pili miongoni mwa mifumo ya lazima kwa kodeki za intaneti, na simu nyingi za ofisini za kizazi kipya huitumia.

Kabla ya yote hayo, kipaza sauti kiwe kizuri na kiwe karibu na mdomo. Kelele za upepo na umati hula biti ambazo zingembeba msemaji, na kodeki haina namna ya kujua ni ipi kati ya sauti hizo ambayo msikilizaji aliwashia redio.